Shemeji wa Chumba cha Dripu

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza dripu leo. Mke wangu alitaka kunisindikiza, nikakataa. Nikamwambia mzee mzima hapelekwi hospitali kama mtoto wa chekechea. Uongo. Sikutaka anione ninavyoingia chumba kile.

Mlangoni nilisimama. Viti vya kuegemea vimepangwa kufuata ukuta, juu ya kila kiti mfuko wa dawa umening'inia, na katika kila kiti yupo mwanamke. Vilemba, mitandio, kofia za kufuma. Suruali ya pekee mle ndani ilikuwa yangu. Jumanne ni siku ya saratani ya... ile. Ya kina mama. Ona! Hata hapa, ambapo hakuna msomaji ila mimi na mende wa chumba cha nyuma, mkono unakwama. Neno lenyewe ni titi. Miaka yote nimepima ya wateja — juu, chini, kuzunguka — bila haya. Fundi wa nguo za kike hana haya, ana utepe. Sasa langu la kushoto limekatwa na sijui pa kuweka macho.

Nikajikalia benchi la wasindikizaji, nikafungua gazeti. Mama mmoja mwenye miwani minene akanitazama. Ni mwalimu mstaafu, nimejua baadaye, ingawa sauti ilitosha — bado inatafuta mtundu wa dawati la nyuma.

"Shemeji, umemleta nani?"

Mke wangu, nikasema.

"Yuko wapi?"

Chooni.

Baada ya kitambo: shemeji, bado? Bado. Maskini, atakuwa tumbo. Mwingine akasema dawa hizi ndivyo zilivyo, zinafunga au zinafungulia, hazijui katikati. Wakamjadili mke wangu na tumbo lake kwa huruma kabisa. Mmoja akanipa kipande cha tangawizi nimpelekee. Nikapokea! Nikashukuru kwa niaba yake!

Ndipo Sista akatokea na trei. "Yule fundi wa kushoto yuko wapi? Dawa imeshachanganywa, haikai!"

Nilinuia kukaa kimya hadi dawa iharibike. Lakini Sista ananijua sura. Nikasimama na gazeti langu na tangawizi yangu.

"Kumbe," akasema Mwalimu, "mkeo ndiye wewe."

Walicheka hadi mmoja akashika mshono wake. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya Mwalimu. Bila shaka. Dawa ni nyekundu kama sharubati ya watoto. Nilifumba macho, nikajifanya nimelala. Sikulala.

Jumatano, 6 Machi

Mkojo mwekundu. Walinionya, lakini kuonywa na kuona ni vitu viwili.

Nimetapika hadi nikakosa cha kutapika. Chai ina ladha ya kijiko. Mke wangu kaketi nje ya mlango wa choo, anakohoa tu mara moja moja ili nijue yupo.

Jumapili, 17 Machi

Binti yetu kaja. Tunamwita Futi, tangu alipokuwa mtoto akilala na futi yangu ya kupimia shingoni kama mkufu. Leo ni mpima ardhi. Mimi napima watu, yeye anapima viwanja. Anasema viwanja ni afadhali, havipumui ndani ili vionekane vyembamba.

Kaniletea pasi ya umeme. Mpya, nyepesi, ina kidirisha cha maji. "Baba, ule moshi wa mkaa ndio umekumaliza mapafu."

Kwa sababu Futi anajua naumwa mapafu. Ndivyo nilivyomwambia. Walipokata Januari nilimwambia wameondoa jipu, na jipu lilitoka kwenye mapafu. Anatomia yangu mwenyewe! Nina elimu ya magazeti ninayokatia pateni za nguo, na hata mimi najua jipu halisafiri hivyo. Yeye hakuuliza. Mtu humwamini baba yake.

Mke wangu alikuwa anakunja shuka. Alikunja ile moja mara nyingi sana.

Baada ya Futi kuondoka: "Baba Futi, utamwambia lini?"

Nikasema nikipona. Akasema hiyo itakuwa hadithi, si taarifa.

Pasi inafanya kazi vizuri mno. Haina kosa hata moja. Nimeirudisha ndani ya boksi lake.

Jumatano, 20 Machi

Nywele zimenyonyoka. Si moja moja — nilipitisha mkono kichwani kufuta jasho, nikarudi na kiganja kimevaa manyoya. Zimeangukia kitambaa cheupe cha mteja. Nimezitoa kwa karatasi ya gundi.

Mwenzangu wa karakana, fundi suruali, jina lake la kazi ni Redio. Hazimiki. Leo alinitazama kichwa tu. Alikwenda dirishani kuvuta sigara yake, akarudi bila kuiwasha.

Jumanne, 26 Machi

Dripu ya pili. Wote sasa wananiita Shemeji. Nimepokelewa kwa salamu kama bwana harusi: shemeji, mkeo tumbo lake je? Nikasema limepona, anawasalimu. Walifurahi. Nimeanza kuona kwamba uongo wangu wa siku ile ndio uliowafanya waniache nikae.

Kabla ya dawa niliitwa kwa daktari. Binti mdogo, kalamu tatu mfukoni. Akasema ugonjwa huu kwa mwanamume ni nadra, ndiyo maana wanapenda kuangalia damu ya ukoo. Una watoto? Binti mmoja. Basi aje. Atapimwa kwa mikono, atapigwa picha, atatolewa damu. Mapema ni bora. Kama hana kitu, mtalala vizuri. Kama kipo, kitakuwa kidogo.

Anasema "kitakuwa kidogo" kama muuza viatu anayesema kitalegea ukivaa.

Nikaitikia sawa, daktari.

Sikufikiria hilo. Nilifikiri nimeficha changu. Sikujua kwamba inawezekana ninaficha chake.

Kumwambia ni sentensi moja tu. Nimeijaribu chooni, mbele ya kioo. "Mwanangu, naumwa titi." Yule wa kwenye kioo, kipara, bila nyusi, aliniangalia kama nimemtukana.

Kitu kingine. Mwalimu alipoinama kuokota kitabu chake, kifua chake cha kulia kilihamia kwapani. Akakirudisha kwa kiwiko, bila kusita katika sentensi, kama mtu anayesogeza miwani. Ameweka soksi ndani ya sidiria. Nimelijua jicho langu — lilikwenda moja kwa moja kwenye mshono. Akaniona.

"Unatazama nini, Shemeji?"

Nikasema kazi mbovu.

Akajibu: "Ni soksi za marehemu mume wangu. Alikuwa haachi kuteleza na yeye."

Alhamisi, 4 Aprili

Nguvu zimerudi kidogo. Nimeanza kumshonea Mwalimu kitu cha maana.

Shida si umbo. Umbo ni dati mbili, ile mikunjo ya kushonea kifua, na duara, mtoto anaweza. Shida ni uzito. Pamba ni nyepesi, inapanda. Ile ya kweli inavuta chini, bega linaijua, mgongo unaijua. Ndiyo maana wanawake wengi wa chumba kile wanakaa upande. Nimewaona mara zote mbili na sikuelewa — nikidhani ni maumivu.

Nimejaribu mchele: unachoma. Mchanga: unavuja. Mwishowe choroko. Ndogo, laini, zinatulia kitambaani kama zimezaliwa humo. Bitana ya pamba laini ndani, kipande cha nguo ya kunyumbulika nje, ndoana ndogo ya kushikia sidiria.

Nilikuwa nalipima titi hilo la bandia uzito kiganjani Redio alipoingia. Nikalitupa chini ya meza.

"Nini hicho?"

Mto wa pini.

Mto wa pini! Mkubwa vile! Akasema siku hizi pini zinalala vizuri kuliko watu.

Jumanne, 16 Aprili

Dripu ya tatu. Nilimpa Mwalimu lile titi kwenye mfuko wa plastiki, nimefunga fundo, kama mtu anayeuza kitu cha magendo. Nikamwambia afue kwa maji ya uvuguvugu, asikamue. Alikwenda nalo chooni na mfuko wake wa dripu kwenye stendi, magurudumu yanalia. Alirudi amenyooka. Mwanamke tofauti! Akapita mbele ya viti vyote, akazunguka, akarudi. Akaniketia kando.

"Shemeji," akasema polepole, "tangu wanikate ni mara ya kwanza mtu ananipima bila kunihurumia."

Wengine wakaanza kelele. Na mimi! La kushoto! Mimi yote mawili, unafanya bei gani? Sista akaja akidhani kuna aliyezimia.

Ningefurahi. Nilikaribia. Lakini daktari alipita akasimama kitini kwangu, mbele yao wote: binti ameambiwa?

"Ameambiwa," nikasema.

"Anakuja lini?"

Yuko safarini kikazi.

Daktari akapiga tiki, akaenda. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama. Miaka yote ile darasani. Anaijua sura ya aliyesahau kazi ya nyumbani.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo nimefanya jambo baya bila kufanya chochote.

Nilimkuta Redio ameketi kwenye kiti changu, mikono katikati ya magoti. Redio imezimwa. Nikamuuliza kuna msiba? Akasema Futi alimpitia juzi. Kwa heshima, hakumfokea. Alimwambia tu: baba yangu mapafu yamekwisha, na mjomba, wewe umekuwa ukimvutia moshi humu ndani tangu mimi nikiwa shule.

"Kaka," Redio akaniambia, "nimekuua mimi."

Nikamwambia hapana. Si sigara zako.

"Unasema hivyo kwa sababu una roho nzuri."

Nikamwambia naapa, si sigara. Basi ni nini? — akauliza. Nikasema ni... Mungu tu. Akaanza kulia! Mtu mzima, fundi suruali, analia juu ya kitambaa cha kitenge cha mteja. Akasema ameacha sigara. Ameziponda zote chini ya pedali ya cherehani. Na amemwambia mke wake kwamba aliniua.

Nimemwachisha mtu sigara kwa uongo. Daktari yeyote angenipongeza.

Nimemwambia mke wangu jioni, nikitarajia acheke. Hakucheka. Akasema: sasa una watu wawili wamebeba mzigo wako, mmoja anajua anabeba, mwingine hajui. Nilimuuliza nani anajua. Akasema, mimi, nani mwingine.

Jumanne, 7 Mei

Dripu ya nne, ya mwisho ya ile nyekundu.

Mwalimu alifika na mfuko wa plastiki. Kauweka mapajani mwangu mbele ya watu.

"Shemeji. Titi lako limeota."

Nikafungua. Limeota kweli! Alilifua kama nilivyomwagiza, akalianika bafuni penye unyevu, akasafiri kwenda kwa mjukuu wake. Aliporudi, choroko zimechipua, vichwa vyeupe vimetoboa bitana na mishono yote niliyopiga. Lilikuwa limetanuka na lina shingo.

Chumba kilikufa kwa kicheko. Yule wa yote mawili alicheka hadi dripu yake ikasimama, Sista akaja kuigonga. Mmoja akasema amwagilie, avune. Mwingine: daktari aliniambia langu limeondolewa lote, kumbe nilitakiwa kupanda mwenyewe! Mimi pia nilicheka. Nilicheka hadi jicho likatoka machozi — na pale, kinywa wazi, mbele ya wanawake wote wale, nilikuwa nimesahau kukunja mabega. Shati lilikuwa limenilalia kifuani, upande mmoja bapa kama ubao, na sikujali.

Kwa muda wa kicheko tu. Baadaye nilijikunja tena.

Nitaweka shanga ndogo za kioo. Fundi wa miaka yote hii, sikukumbuka kwamba mbegu ni mbegu.

Jumamosi, 8 Juni

Dawa mpya tangu wiki iliyopita. Haitapishi sana. Inachukua vidole.

Ilianza kama mchwa kwenye ncha. Sasa ni ganzi. Nikigusa hariri au gunia, ni kitu kimoja: kitu. Zamani ningepitisha kidole juu ya mshono nikiwa nimefumba macho nikakuambia uzi gani, umeshonwa na nani, na kama alikuwa na hasira. Wateja walidhani ni maringo. Ilikuwa kweli.

Leo nilikuwa napiga bandi, ule mshono wa muda, gauni jeupe la bibi harusi. Nikaona doa jekundu. Nikatafuta kilichochafua. La pili. La tatu. Pini ilikuwa imezama kidoleni mwangu hadi kichwani na mimi naikaripia meza.

Redio aliona. Alinichukua mkono bila kusema, akaichomoa, akanyonya damu kitambaani kwa mate yake kama wanavyofanya mafundi wazee, doa likatoka. Halafu akasema: "Hata vidole, kaka? Mapafu mpaka vidole?"

Nikasema mapafu mpaka vidole.

Jumanne, 18 Juni

Dripu. Shanga zinafanya kazi, nimetoa nane hadi sasa, chumba kizima kimenyooka mgongo. Sista anasema tunaonekana kama gwaride.

Mwalimu alingoja wengine wasinzie. Dawa hii inasinzisha. Akaongea akitazama mbele, kama wafungwa kwenye sinema.

Shangazi yake, dada wa baba, alikufa yeye akiwa msichana. Waliambiwa ni moyo. Nyumba nzima: moyo. Shangazi alikaa chumba cha nyuma na kitambaa kimefungwa kifuani, harufu wakaifukizia udi, na watoto wakakatazwa kuingia wasimchoshe moyo. Miaka mingi baadaye, Mwalimu mwenyewe yuko mezani kwa daktari, tayari kimekuwa kikubwa, daktari anauliza: kwenu kuna mtu amewahi? Akajibu hapana, daktari, kwetu tunaumwa moyo.

"Alikuwa na haya," akasema. "Simlaumu. Mwanamke wa zamani. Lakini angelitaja, Shemeji. Angelitaja mara moja tu, nikiwa nasikia. Ningejipapasa."

Nikageukia dripu yangu, nikahesabu matone.

"Binti yako hayuko safarini."

Nikasema hayuko safarini.

"Una haya ya nini? Sisi sote humu tunalo hilo hilo."

Ndiyo maana, nilitaka kusema. Ninyi ni lenu. Mimi nimelichukua pasipo haki, kama mtu aliyekutwa chumba cha kubadilishia nguo cha kike. Lakini hilo ukilisema mbele ya Mwalimu linakuwa dogo sana. Nimenyamaza kwa sababu lilikuwa dogo.

Jumapili, 23 Juni

Futi kaja chakula cha mchana. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa shati la kubana makusudi, ili niseme: tazama. Mke wangu akajitoa, akasema anakwenda kwa jirani kuazima chumvi. Chumvi ipo debe zima.

Nikakohoa. "Mwanangu."

"Baba, ngoja kwanza mimi!" Amepita mtihani wa usajili. Ataapishwa mwezi ujao, mpima kamili, mwenye muhuri wake. Na anataka gauni. Si la dukani. "Lako. Hata kama vidole vinakusumbua. Nitalivaa likiwa na mkono mmoja."

Nifanye nini? Nilichukua utepe. Macho hayana ganzi, utepe nasoma. Bega, kifua, kiuno. Kapumua ndani ili aonekane mwembamba. Nikamwambia kiwanja kimeanza kupumua. Tulicheka.

Mke wangu alirudi na chumvi, akatutazama mmoja mmoja. Akaiweka mezani. Kwa kishindo kidogo.

Jumatano, 26 Juni

Nimekata gauni. Buluu iliyokolea. Sijakata kitu vizuri hivi tangu Januari. Kila ninapokata nasema sentensi ile kwa sauti, na mkasi unaitikia. Imekuwa nyepesi. Jumamosi anakuja kujaribisha. Nitamwambia Jumamosi. Nimemwambia mke wangu, na nimemwambia Redio kwamba Jumamosi kuna jambo naye asikie, lamhusu na yeye, aje na sigara zake. Amedhani ganzi imefika kichwani.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika haraka. Niko chumba cha nyuma, juu ya rundo la pateni. Futi yuko mbele, kasimama juu ya kisanduku, gauni limeshikwa kwa pini. Redio anampigia soga. Nimewaambia nakuja kutafuta chaki.

Gauni limekaa. Bega sawa, kiuno sawa, urefu sawa. Upande wa kulia limelala kama maji. Kushoto, chini ya kwapa, linavuta. Mkunjo mmoja mdogo, kama kitambaa kinanong'ona.

"Hapo panabana, baba. Umekosea kidogo. Si neno."

Redio akadakia: vidole hivyo, Futi, msamehe.

Nikafungua bandi, nikalegeza, nikafunga tena. Linavuta. Nikasema inua mkono. Kainua, akakunja uso. Nikauliza panauma? "Hapana, ni pini." Nikatafuta pini. Hakuna pini upande ule. Nilikuwa sijaweka.

Sasa, mimi najua ninavyokata. Nakunja kitambaa, pateni juu, mkasi unapita safu mbili kwa pamoja. Kushoto na kulia vinazaliwa pacha. Fundi akikosea, anakosea pande zote mbili! Nimelitandika mezani kabla hajafika, vipande juu ya vipande, hakuna tofauti ya uzi. Na pateni ni ile ile ya gauni lake la mwaka jana, lililokaa bila neno.

Hakuna mwili ulio sawa pande mbili. Hilo nalijua, nimelipima maisha yangu yote. Bega moja hubeba mkoba. Mpima ardhi hubeba ule mguu wa chuma wa darubini yake, begani, milima na mabonde — misuli hukua. Inawezekana. Inawezekana kabisa. Au mshono umejikunja kwa ndani. Zamani ningepitisha ncha ya kidole juu ya kitambaa, nje tu, mara moja, na ningejua: huu ni uzi, huu ni mkunjo, huu si wangu.

Nilipitisha. Nilihisi kitu. Kila kitu ni kitu.

Nilivuta mkono kama nimeungua. Akaniuliza, baba, vipi? Nikasema chaki.

Sentensi yangu ya Jumatano imekimbia. Ile ilikuwa yangu — naumwa titi, mwanangu, nicheke ukitaka. Niliifanyia mazoezi hiyo. Inayotakiwa sasa ni nyingine na sijawahi kuisema mbele ya kioo. Machi ningemwambia, angekuja. Machi daktari alisema kitakuwa kidogo. Machi mimi nilikuwa na shughuli ya kuona haya.

Mke wangu kaingia karakanani, nasikia sauti yake, anauliza Baba Futi yuko wapi. Redio anasema anatafuta chaki.

Namsikia Futi akishuka kwenye kisanduku, pini zinalia. Anakuja huku. Kasimama mlangoni, mkono wa kushoto kaushika mbali kidogo na mwili ili asichomwe. Anacheka.

"Baba, chaki si hiyo hapo sikioni mwako?"